Risasi Zangu na Yowe la Mabatini

Jumapili, Novemba 1999
Mabatini, Mwanza

Mvua haijakatika tangu tulipotoka kanisani, na mawe ya mlimani yanateleza kama yamepakwa sabuni. Nimetoka hospitali sasa hivi. Gauni limelowa, sijala, na chakula chenyewe sikitaki. Leo sina mwingine wa kumweleza isipokuwa wewe, shajara yangu.

Mzee Masanja amevunjika nyonga. Chanzo ni mimi, na mchezo wa vita.

Niandike taratibu, labda nitaelewa. Tangu ofisi yetu ya pamba ifungwe na wanunuzi binafsi waingie, nimekuwa nikichapa barua za watu hapa chumbani kwangu. Barua za kuomba kazi, mialiko ya harusi, risala za wageni rasmi. Kompyuta nimeinunua mjini, kwa kijana mmoja wa Kihindi mcheshi sana, na siku ya kuichukua akanitilia sidii kwenye mfuko kama nyongeza. Akasema ni mchezo wa wanajeshi, nitampa mwanangu. Sina mwana. Nikaiweka mwenyewe siku wateja walipokuwa adimu, nione tu ni kitu gani.

Sikuinuka mpaka giza likaingia.

Nikimweleza mtu hanielewi. Mwanamke mzima, mwalimu wa kwaya, ana nini na bunduki? Lakini kule ndani nalala kifudifudi kwenye majani, hakuna anayeniona. Mbele kuna kambi ya adui. Upepo unavuma, mlinzi anatembea huku na huku, nami nasubiri ageuke. Ule utulivu kabla ya kufyatua! Sijawahi kuupata kanisani, Mungu anisamehe. Kisha bosi wangu wa redio ananiambia la kufanya na kila anachoniambia kinawezekana. Nenda kaskazini. Lipua ghala. Rudi kwenye helikopta. Nikifa, naanza upya, na hakuna aliyeandika popote kwamba nilikufa.

Ofisi ilipofungwa hatukuambiwa adui ni nani. Tulipewa mkono wa kwaheri na soda. Kule ndani adui namwona, amevaa sare, na vidole vyangu vilivyozoea kuchapa havikosei. Mara ya kwanza tangu nitoke kazini nilijiona hodari wa kitu.

Basi jana mchana nikafanya ujinga. Spika za kompyuta zilikuwa na sauti ya mbu, nikavuta waya nikaunganisha na redio yangu kubwa, ile ya kupigia nyimbo za kwaya. Nikafunga mlango kwa komeo na kushusha mapazia kwa sababu jua linapiga kwenye kioo cha kompyuta. Nikaanza vita.

Wewe fikiria wanavyosikia majirani. Mlango umefungwa, pazia chini, dada Tereza anaishi peke yake, na humo ndani bunduki zinarindima na wanaume wanafoka kwa lugha isiyojulikana. Mama Kulwa wa nyumba ya pili alikuwa anaanika dagaa. Akaacha dagaa, akapanda juu ya jiwe, akapiga yowe.

Na yowe kwetu si jambo la kuchagua. Ukilisikia unatoka na ulichonacho mkononi, hata kama unakula, hata kama na mwenye kulipiga mmegombana. Mwanaume asiyetoka, sungusungu, walinzi wetu wa mtaa, watamtoza faini, na akikaidi watamtenga. Hapewi hata moto wa kuwashia jiko. Kwa hiyo walikuja wote, wenye rungu, wenye panga, wenye mikuki. Mabula, kamanda wa sungusungu wetu, alikuja mbio kutoka nyumbani kwake na kisu chake cha kupasulia sangara, maana anauza samaki sokoni Mwaloni.

Mimi sikusikia chochote. Nilikuwa karibu na helikopta.

Komeo likang'oka, mlango ukaangukia ukutani, nami nikageuka nikakuta mlango umejaa wanaume na silaha zao. Nilipiga kelele, wakapiga kelele. Kisha Mabula akaangalia kioo, akaniangalia mimi na kigoda changu, akashusha kisu.

"Dada Tereza, majambazi wako wapi?"

Nikaonyesha kwa kidole kwenye kompyuta. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Wakacheka mpaka wengine wakakaa chini, nami nikacheka kwa aibu. Hapo ndipo wangeondoka, nami ningechukiwa wiki moja na mambo yangeisha.

Lakini Mabula akasema, "Hebu tuone unavyowapiga."

Nikacheza. Ee shajara, nilicheza kama sijawahi kucheza! Chumba kilijaa, wengine wakachungulia dirishani, mapanga wameyabana kwapani. "Kushoto, dada, kushoto!" "Huyo nyuma ya gari!" Nikimwangusha mmoja wanapiga makofi. Mama Kulwa mwenyewe alikuja kunisema akaishia kukaa kitandani kwangu. Hakuna aliyeuliza tumekaa muda gani. Sijui. Nilikuwa na furaha tu, furaha ya kijinga kabisa, ya kutazamwa nikifanya kitu ninachokiweza.

Mzee Masanja hakuwamo.

Uzee wake umeshamtoa kwenye sungusungu, hakuna ambaye angemtoza faini. Lakini ndiye aliyenipokea nilipohamia hapa kutoka Ukerewe, akaniita binti yake mbele za watu, na tangu siku hiyo sijawahi kupaka chokaa au kubadilisha bati bila yeye kusimama pale chini akinielekeza. Aliposikia yowe linatoka upande wangu alichukua upinde wake. Hakuja mlangoni kama wengine. Alizunguka nyuma, kwenye mawe makubwa, awazibie majambazi njia ya kukimbilia. Peke yake, na umri ule. Akateleza.

Aliita. Leo Mabula ameniambia kwamba kuna kijana wake mmoja alisikia mtu anaita "Jamani, jamani," na kwa makelele yale akadhani ni mmoja wa askari waliojeruhiwa kwenye redio. Sungusungu wote walikuwa chumbani kwangu, wote wamekuja kuokoa mtu, na aliyehitaji kuokolewa alikuwa nyuma ya ukuta. Mama Kulwa ndiye aliyemkuta, alipotoka kwenda kuanua dagaa zake.

Walimbeba kwenye mlango wangu, maana ulikuwa umeshang'oka.

Mabula alipita asubuhi hii kabla ya ibada. Amesema kikao kitakaa Jumatano, nami niende nikajieleze. Alisema kwa ukali, kama kamanda. Halafu akasimama pale kizingitini, akashusha sauti, akaniuliza kama ile kambi ya mwisho nimeshawahi kuiteka. Nikamjibu bado. Tukatazamana, kila mmoja akaona aibu ya mwenzake, akaondoka. Mama Kulwa hanisemeshi. Amepita tu akasema, kama anaongea na ndoo yake, kwamba sikio la kufa halisikii dawa, na kwamba siku nyingine akisikia risasi kwangu ataendelea na dagaa zake.

Niliapa kanisani kwamba nitaivunja ile sidii. Nilirudi, nikaitoa, nikaishika kwa mikono miwili. Nikairudisha ndani ya kava lake.

Mchana nikaenda hospitali na uji. Mzee Masanja amelala chali, mguu umefungwa kamba inayovutwa na uzito mwisho wa kitanda. Daktari amesema mfupa wa mzee hauungi kama wa kijana, na kupanda mawe asahau. Nikapiga magoti.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, binti yangu. Hawakukuumiza?"

Nililia, akanitania kwamba mimi askari ninaliaje. Amesema wenzake wote waliokuja kumwona wanaizungumzia kompyuta yangu tu. Anayevunjika yeye, anayesifiwa mimi. Alicheka kidogo, akaacha kwa sababu ya maumivu.

"Bora nimeanguka bure," akasema, "kuliko ningebaki ndani halafu wakuue kweli. Sasa niambie mwanangu, kikoje hicho kitu? Mimi peke yangu sikukiona."

Nikaanza kumsimulia kwa upole, nikidhani namfariji. Nikamweleza majani, na upepo, na mlinzi. Kisha sijui imekuwaje, mikono ikaanza kwenda. Nikawa naonyesha jinsi unavyotambaa, jinsi unavyobana pumzi, jinsi ghala linavyolipuka na mwanga unavyojaa kioo kizima. Sauti yangu ilipanda. Mgonjwa wa kitanda cha jirani alijigeuza asikilize. Nilikuwa nimefika kwenye daraja, askari wawili kulia, mmoja juu ya mnara, muuguzi akanishika bega.

"Dada, huyu mzee anaomba maji. Nimemsikia kutoka kule mezani. Wewe uliyekaa hapa humsikii?"

Midomo ya mzee ilikuwa imekauka. Chupa ya maji ilikuwa mapajani mwangu, niliyokuja nayo mwenyewe.

Hakukuwa na redio pale wodini. Hakukuwa na kompyuta, wala risasi. Nilikuwa nimekaa karibu naye kiasi cha kuhisi pumzi yake.

Nikamnyanyua kichwa, nikamnywesha. Alikunywa polepole, maji mengine yakamwagika kwenye shuka. Akalala tena, akafumba macho, na nadhani alinionea huruma, kwa sababu alisema, "Endelea, binti. Ulikuwa umefika wapi?"

Ningeweza kusema nimesahau. Nilikuwa nakumbuka vizuri sana.

Nikaendelea mpaka wakapiga kengele ya kutoa wageni.

Kesho ilikuwa zamu ya Mama Kulwa kumuuguza, lakini hawezi kwenda, ana biashara. Mimi ndiye nitakayekaa na mzee kutwa nzima. Nitamsikia?