Maganda Nyuma ya Minyaa

Mpendwa mama,

Leo asubuhi nimeokota yai laini kwenye kiota cha kuku wangu mwekundu. Halina ganda, ni ngozi tu, likabonyea mkononi kama jicho la samaki. Nimetapika, mama. Mtu mzima mwenye wajukuu, nimeinama kando ya banda natapika kwa ajili ya yai. Binti yangu akadhani naumwa, akaenda kunichemshia uji. Mimi nilikuwa nakuona wewe.

Nilikuona pale Ngokolo, enzi za mkoloni, baba akiwa machimboni huko Geita nasi tumebaki wawili na kuku wetu. Ulikuwa unanikalisha chini, kapu mapajani, unanifundisha kila yai ni la nani. Jeupe la yule wa kijivu. La rangi ya chai ya maziwa la kishingo, yule asiye na manyoya shingoni. Lenye madoadoa la mweusi. Na lile lenye mistari ya kukwaruza kidole ni la kuku mzee, uzao wa wale ulioletewa kutoka kwenu Runzewe. Nikipatia yote unanifinya shavu.

"Rangi kuku anazaliwa nayo, Kabula," ulikuwa ukiniambia. "Ila ugumu wa ganda anaupata kwenye chakula."

Ndiyo maana ukanipa kazi ile: kukusanya maganda, kuyakaanga kwenye kigae, kuyatwanga, kisha kuyachanganya na pumba za kuku. Mama, niliichukia kazi ile! Ute uliogandia ndani ulikuwa unaungua na kunuka nywele zilizochomwa. Vumbi lake lilinishika kooni, nikila ugali naisikia harufu yake. Nawe unajua nilivyokuwa na kinyaa, hata maziwa yakiweka utando nilikuwa siyanywi, ukanitania kwamba nitaolewa na nani mimi.

Basi mwaka ule nikaacha. Maganda nikawa nayapeleka nyuma ya uzio wa minyaa, nachimba kwa kijiti, nafukia. Kuku nawapa pumba tupu. Ulikuwa msimu wa kupanda, tumewafungia bandani wasifukue mbegu za majirani, kwa hiyo hawakuwa na mahali pengine pa kujitafutia.

"Umewapa?" unaniuliza.

"Nimewapa, mama."

Haikuchukua muda mrefu. Mayai yakaanza kuwa mepesi, kisha yakaja na chengachenga kama yamemwagiwa mchanga, kisha yakaja ngozi tupu. Rangi zilikuwa zilezile. Ulikuwa unayageuzageuza mkononi, nami naangalia pembeni.

Katika siku hizo ndipo baba akarudi kutoka machimboni, anakohoa kifua chote. Dada yake, shangazi Minza, akaja kumuuguza. Siku ya pili tu akaingia bandani, akashika yai, likampasukia, kiini kikamchuruzika mpaka kwenye kiwiko.

"Yai gani hili?" akapiga kelele uani, mkono ameunyoosha mbali na mwili. "Kaka anakohoa, kuku wanataga ngozi! Nyumba hii ina mtu!"

Ulimjibu kwa upole, "Wifi, kuku wamekosa chakula tu." Hakukusikiliza. Akamleta mfumu, mpiga ramli wa kuku. Baba akamtemea kifaranga mate mdomoni, kama ilivyo desturi, mfumu akampasua. Bado naviona vidole vile. Kucha ndefu, nyeusi, zinachokoachokoa utumbo wenye moto, nzi wanatua naye hata hawafukuzi. Akasoma, akaguna, akasema kuna kitu kimefukiwa karibu na uzio.

Shangazi akachukua jembe, akazunguka nyuma ya minyaa. Akarudi na maganda yangu kwenye upindo wa kaniki yake, akayamwaga miguuni pa baba. Meupe, ya rangi ya chai, ya madoadoa.

"Haya, aseme mwenyewe anawaroga akina nani!"

Uliinama ukaokota kipande kimoja, ukakipitishia kidole gumba. Nilikuwa nimesimama mlangoni, nimeshika mchi. Neno moja tu lilitakiwa, mama. Niseme, ni mimi, nilikuwa nasikia kinyaa. Ningechapwa, yangekwisha. Badala yake nikaficha mchi nyuma ya mgongo.

Hukujitetea. Baba akasema, "Rudi kwenu," naye akashindwa kukutazama. Ukafunga mzigo wako ukaondoka, na shangazi akakukatalia hata kuku mmoja wa kuondoka naye.

Unajua walichokifanya na wale kuku? Waliwachinja wakawala. Kuku wa mchawi, lakini supu yao ikanywewa, mfumu ananyonya shingo ya kishingo na kulamba vidole vilevile! Baba alikula, na vumbi la mgodi likaendelea kumkohoza kama kawaida. Nami nilipewa kibawa. Nilikitafuna, mama. Mimi niliyekuwa siwezi kunywa maziwa yenye utando.

Kwa miaka mingi nilikukasirikia wewe. Nilijiambia, angejitetea yule mwanamke asingefukuzwa. Ona nilivyokuwa, kosa langu nikakutwisha wewe.

Nilikukuta Runzewe mara moja tu, nimeshaolewa. Nilikupigia magoti nikakuamkia, ukaitika marahaba kwa furaha mpaka majirani wakachungulia. Ukanichemshia mayai ya maganda magumu, yale ya mistari. Nilikuja na maneno yangu nimeyapanga njia nzima, na siku tatu zote yakanikwama. Siku ya kuondoka ukanipa kopo limefungwa kwa kitambaa. Nikafungua. Maganda yaliyotwangwa, laini kama unga.

"Wape kuku wako," ukasema. "Nimeyaosha kabla ya kuyakaanga. Tangu ulipokuwa mdogo ilitakiwa niyaoshe, nilikuwa sijui yanakunukia hivyo."

Kumbe ulijua. Ulijua tangu ulipookota kile kipande, ukaniona na mchi wangu, ukaamua uondoke wewe. Na mimi, mama, nikafunga kopo, nikasema ahsante, nikaenda zangu. Safari iliyofuata nilikuta kaburi.

Mfumu yule nilishamsamehe, na shangazi pia. Kinyaa kilichobaki ni cha kujionea mwenyewe. Kwa hiyo leo naandika kile nilichotakiwa kusema pale mlangoni: ni mimi niliyeyafukia. Hukuroga mtu. Wajukuu zako nitawaita mchana huu niwasomee barua hii, wajue bibi yao aliondoka kwa sababu gani.

Maganda nimeyaosha. Yako kwenye kigae.

Pumzika, mama.

Mwanao,
Kabula