Inchi Tisa

Alhamisi, 15 Mei 2025

Nilimpoteza Khatib, mdogo wangu, Alhamisi tarehe 23 Mei 2024, saa tatu na dakika kumi asubuhi. Ndege ya mafunzo. Hakukuwa na vita. Hakukuwa hata na mawingu. Ndani walikuwa wawili: yeye na mwenzake, Anatoli Lugembe wa Sengerema. Dakika ishirini na mbili hewani, basi.

Ijumaa ya wiki ijayo wanatimiza mwaka. Kikosini kwao linazinduliwa jiwe lenye majina yao mawili, saa nne. Leo Kapteni Mdoe, anayeshughulikia familia, kaniletea karatasi niitie sahihi: “Familia imeridhika na maziko.” Anaitaka kabla ya Ijumaa. Mbona mbio hivyo? Mwaka mzima hakuna aliyeniuliza kama nimeridhika.

Sijatia.

Jumamosi, 17 Mei

Mzee Shamsi kaja dukani kushonesha kanzu. Ndiye aliyechimba kaburi la Khatib. Nampima mabega, ananitania: “Wewe wawapima wanaotembea, mie nawapima wasioamka. Kazi yetu moja, Bi Tahiya!”

Nikacheka. Yeye akaendelea. La nduguyo tu, kasema, halikupimwa na watu wa nyumbani. Desturi jamaa hukata ujiti sawa na urefu wa maiti, wakampelekea mchimbaji. Siku ile askari walikuja na nambari kwenye karatasi, urefu wa sanduku: futi tano na inchi nane. “Nikasema moyoni, kumbe marubani wafupi. Labda ndege zenyewe ndogo.”

Nikamwomba arudie. Akarudia. Urefu wa mkono wake nikauandika mara mbili, na mara zote mbili vibaya.

Khatib alikuwa inchi 73. Nimemshonea kanzu ya Idi miaka minane, simkisii. Sanduku inchi 68!

Najua walivyoanguka. Najua huenda mwili haukuwa mzima. Lakini barua ya jeshi ninayo, nimeitoa kabatini: kila sanduku lilichongwa kwa kimo cha mtu kilichomo failini mwake, kikaongezwa inchi nne. 73 na 4 ni 77. Sisi tulipewa 68. Zimepungua tisa.

Jumapili, 18 Mei

Nimekwenda kwa ami Msabah. Yeye alishuka kaburini. Shikamoo, marahaba, kahawa. Kisha nikamuuliza: sanduku lilikuwa fupi?

Akazungusha kikombe. “Kwani wewe ulikuwepo?”

Anajua sikuwepo. Sisi wanawake tulibaki nyumbani na misahafu. Sanduku lilipita uani dakika kumi, limefunikwa, limepigiliwa misumari, amri lisifunguliwe. Hakuoshwa. Hakulazwa kwa ubavu wa kulia. Tukaambiwa ni dharura, tukanyamaza.

Mwisho kakiri. Waliliona. Wanaume kumi na wanane waliliona! Wakasema ni ajali, Mungu ndiye ajuaye, na wakaahidiana mama asisikie. Mwaka mzima wananipita dukani, “Bi Tahiya hujambo,” na kila mmoja analo moyoni.

Nikasema basi lifunguliwe. Akawaka: “Kaburi halifukuliwi kwa futi kamba ya fundi nguo! Kwani kanzu zako zote zakaa sawa?”

Za Khatib zilikaa sawa. Zote.

Jumatatu, 19 Mei

Mama kauliza mbona sili. Nimesema jino.

Jumanne, 20 Mei

Nimempigia mamake Anatoli. Nambari yake imo kwenye orodha ya wageni wa Ijumaa aliyoniachia Kapteni. Kafurahi, masikini. Kaanza kunisimulia habari za mwanawe kabla sijauliza. “Alikuwa mfupi kama mimi. Shuleni walimwita Nusu Mkate, naye anacheka tu.” Futi tano na inchi nne, kasema. Inchi 64.

64 na 4 ni 68.

Nikamuuliza maziko yalikwendaje. Kasema vizuri, padri alikuja, ila wanaume walipata taabu. Walichimba kwa kimo cha kijana na nafasi ya mbao, sanduku likagoma kuingia. Wakaongeza shubiri moja upande wa kichwa, watu wamesimama juani.

Shubiri moja. Inchi tisa.

Nikamuuliza tena: shubiri moja, una hakika? Akasema, “Mwanangu, kuna nini?” Ningeweza kusema hakuna. Nikamwambia. Hakulia. Kauliza: “Kila Jumapili napeleka maua, naongea naye. Nimekuwa naongea na nani?” Kisha: “Na wangu huko kwenu, alizikwa kwa jina la nani?”

Kasema nisimpigie tena mpaka niwe na hakika. “Usinitolee mtoto kaburini kwa hesabu, mwanangu. Nitolee kwa neno la mtu anayejua.”

Jumatano, 21 Mei

Nimempigia Kapteni Mdoe, nimemsomea nambari zote nne: 73, 77, 64, 68.

Naye: “Dada, vipimo hivi umevipata wapi? Na nani mwingine anavyo?”

Hakusema si kweli! Hakusema nimekosea. Kauliza nimevipata wapi, na nani mwingine anavyo.

Saa kumi kapiga ami. Kumbe Kapteni kashampigia. Kaniambia nitie sahihi, baada ya Ijumaa tutazungumza kifamilia. Sauti yake haikuwa ile ya Jumapili. Ilikuwa ya mtu anayesoma.

Alhamisi, 22 Mei

Mchana gari la kijivu limesimama mbele ya duka, saa nzima na dakika tano. Wawili ndani. Hawakushonesha kitu, hawakununua kitu. Mmoja akaja mlangoni kuuliza kama karatasi iko tayari. Nikasema bado. Akaitazama futi kamba shingoni mwangu, akaondoka.

Alasiri. Mama yuko ukumbini anapiga pasi baibui la kesho. Kasema Ijumaa zote hamsini na mbili amemsomea Khatib Yasini, kesho atamsomea mbele ya jiwe lake. Kaniita nimshikie upindo. “Naam, mama, nnakuja.”

Kwanza hii. Nimeiandika mara tatu, kila mara naifupisha, na sasa nimeituma:

“Kapteni Mdoe. Sahihi huna. Aliyezikwa huku ni Khatib au siye? Nijibu ndiyo au siyo, wewe mwenyewe, kwa sauti yako, kesho saa mbili asubuhi. Ikipita saa mbili, nampa mama simu yangu azungumze na mama mwenzake.”