Sauti ya Mkokoteni wa Fagio

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, kile kikohozi kimekuacha, na huko chuoni wanakupa chakula ukashiba. Sisi huku hatujambo. Mama yupo, ila magoti yake yanamnung'unikia akipanda ngazi. Mimi nami nipo, kimya kama ulivyoniacha.

Kabla ya habari nyingine, nataka kukiri jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote. Unakumbuka mwezi uliopita tukiongea kwenye simu, ukasikia msichana ananadi fagio barabarani, ukacheka na kuuliza ni nani huyo mwenye maneno? Nikakujibu ni mchuuzi tu. Dada, yule ni mimi.

Usianze kucheka, ngoja nikueleze. Ufagio wetu ulichomoka mpini mama akimfukuza mjusi, akanituma niupeleke kwa mwanamke aliyetuuzia. Mtaa mzima unamwita Mama Fagio. Anakaa nyuma ya karakana ya matairi, na kiwanda chao chote ni watu watatu. Mama mkwe wake, ambaye wote wanamwita Bibi, hufunga nyuzi kwa waya anaoukaza kwa vidole vya miguu. Mumewe huparua mipini kwa kipande cha kioo mpaka iwe laini kama shavu la mtoto. Yeye mwenyewe husukuma mkokoteni na kuuza.

Siku hiyo niliwakuta wamezunguka kipaza sauti kipya, cha aina ile unayorekodi mara moja nayo inarudia kutwa nzima. Miaka ya kunadi ilikuwa imemmaliza Mama Fagio sauti. Akiongea unasikia mlango usiotiwa mafuta. Shida ilikuwa nani arekodi. Mume alijaribu, lakini ana sauti ya kutangaza msiba, jirani akatoka na kitambaa kichwani kuuliza nani amefariki. Bibi akajaribu, meno yake ya bandia yakaruka kabla hajamaliza neno la pili. Walicheka mpaka waya ukafumuka.

Mimi nimekaa juu ya ndoo nasubiri mpini wangu, na maneno yananiwasha mdomoni. Unajua ninavyoongea peke yangu. Nikaanza kunong'ona jinsi ambavyo ningesema mimi. Bibi haoni vizuri, lakini masikio yake ni ya paka. Akainua mkono, wote wakanyamaza, akaniuliza nilikuwa nasema nini. Nikataka kukimbia niuache hata ufagio.

Hawakunibembeleza, dada. Hakuna aliyeniuliza mbona naona haya na ukubwa wote huu. Bibi alisema tu, "Jamani, tumpe migongo."

Wote watatu wakageukia ukuta wakaendelea na kazi zao, kipaza sauti kikabaki mbele yangu juu ya kigoda. Sijui ni nani aliyekibonyeza. Nadhani ni mimi. Nikasema: "Fagio, fagio! Za uani, za chumbani, za kuwafikia buibui wanaojiona wenye nyumba! Zimefungwa na bibi, zimechongwa na baba, zinauzwa na mama. Toka nje uone!" Nikarudia kwa lugha ya darasani, kwa ajili ya nyumba zenye mageti makubwa. Mwishoni mume, bila kugeuka, akainua mpini juu na kuupepea kama bendera, nikashindwa kujizuia, nikacheka. Kicheko nacho kikaingia. Niliomba kifutwe, Bibi akakataa katakata. Alisema fagio ziko kila mahali, kicheko hakipo.

Basi toka siku hiyo napita mtaani mara mbili: mimi mwenyewe nikiwa kimya, na ile sauti ikipiga kelele. Mwalimu wa ile lugha ya darasani, yule aliyemwandikia mama kwamba nikisimamishwa kusoma nageuka jiwe, alituambia tumsikilize msichana wa fagio anavyotamka bila woga. Nikainamia dawati.

Lakini habari yenyewe ni mama. Kila asubuhi mkokoteni ukipita anaacha kufua, anasimama na mapovu mikononi mpaka kicheko kiishe. Anasema kina kitu cha kwako, na kwamba nyumba ilipoa ulipoondoka. Halafu anatoka kununua. Dada, tuna vyumba viwili na fagio saba.

Jumatatu akaniambia yule msichana wa fagio ni wa umri wangu, nisikie anavyojiachia. Sijakaa sawa, nikamwona anaukimbilia mkokoteni na magoti yake yale, anamsihi Mama Fagio amlete yule binti akae na mimi, labda ataniamsha. Mama Fagio alinitupia jicho hapo dirishani, akamjibu kwamba atamleta Jumamosi saa nne.

Jioni hiyo nilienda mpaka uani kwao nikamwomba aniokoe. Akaniambia kwa kile kisauti chake, "Mimi nitakuja na mkokoteni. Usipotoka, nitasema binti ana mafua, na kwangu hutasikia tena neno juu ya jambo hili. Shauri yako, mwanangu."

Leo ndiyo Jumamosi. Mama ameamka mapema akafagia, ametandika kile kitambaa cha wageni na kutoa vikombe vinne. Amevaa gauni ulilomshonea. Anaimba.

Sasa nikuambie ninachokiogopa hasa, maana siogopi kugombezwa. Mama anampenda yule msichana. Wiki zote hizi nimemwona akitabasamu kwa ajili yake, nikaona wivu, kumwonea wivu mtu ambaye ni mimi mwenyewe. Nimeogopa kwamba akigundua hakuna mgeni yeyote, ni huyu huyu wa chumba cha nyuma, uso wake utashuka.

Mkokoteni umefika. Spika imezimwa, nasikia magurudumu tu, halafu kikohozi cha Mama Fagio. Mama anamuuliza binti yuko wapi. Mama Fagio anasema ajaribu kuangalia kwanza ndani.

Wasalimie wenzako wa chumbani, na yule anayekoroma. Ukija likizo usinunue ufagio.

Nyayo za mama zinakuja. Siku zote nikizisikia, karatasi ninayoandika huingia chini ya godoro. Leo naiacha hapa mezani, wino haujakauka. Nilikuwa nimepanga kumwomba kwanza ageukie ukuta, kama wale watatu, ndipo niseme. Lakini hapana. Nataka kuiona sura yake.

Ndimi mdogo wako,
Fagio, fagio