Gari la Shee

Kipini, 4 Februari 2025

Kaka Shee,

Assalaam aleikum. Sisi huku wazima kiasi chetu. Mama anakusalimu; sukari yake inapanda na kushuka, na kile kidonda cha mguuni bado hakijafunga. Wewe na wifi natumai hamjambo. Naandika kwa WhatsApp kwa kuwa simu zangu hupokei.

Nimenunua gari. Ni pikapu ya dizeli, ya zamani, iliyokuwa ya Mzee Gershom wa Golbanti, yule bwana shamba mstaafu. Nilitazama mengine kwanza. Malindi kulikuwa na kigari cheupe kinachong'aa, lakini tumbo lake liko chini mno, na njia yetu ya Kipini mpaka Witu ikinyesha kingebaki matopeni. Tena kila kitu chake ni kompyuta; kikizima nitamwita fundi kutoka Mombasa? Pikapu hii, fundi Sadik wa Garsen aliingia chini yake akagonga chesisi yote akitafuta kutu, akatoka akaniambia nichukue. Spea zake zinapatikana hapo hapo Garsen. Kiti kimechanika na redio haisemi, lakini ufunguo ukigeuzwa mara moja inawaka.

Sasa nitafundisha Garsen na kulala kwetu kila siku, na Mama nitampeleka kliniki Malindi mwenyewe. Hilo gari ulilomwahidi tangu mazishi ya Baba, Kaka, tumelingoja vya kutosha.

Dadako,
Bahiya

Mombasa, 6 Februari 2025

Bahiya,

Waaleikum salaam. Sisi wazima, alhamdulillahi.

Umenitia aibu. Mimi mtu wa yadi, nashinda kati ya magari yaliyoshuka melini juzi, halafu dada yangu anaonekana Kipini akiendesha chuma kilichozaliwa kabla yake. Watu watasema Shee ameshindwa. Hukuniuliza, na mwanamke anajuaje injini?

Gari la Mama nimeshalichagua. Ni la kijivu, viti vya ngozi, linangoja karatasi za bandari tu. Jana nimempigia nikamwambia asipande hilo lako, litamvunja mifupa. Lirudishe kwa mwenyewe.

Kakako,
Shee

Kipini, 11 Februari 2025

Kaka,

Salamu ya Mungu nakupa kwa kuwa ni wajibu. Afya yako leo siulizi.

Leo ilikuwa siku ya kliniki. Niliomba ruhusa shuleni, nikaosha gari, nikatandika kanga juu ya kiti. Mama akatoka na buibui lake la kutokea, akaketi barazani, akasema, "Mimi nangoja gari la Shee."

Nilimbembeleza. Bi Hawa jirani akaja akambembeleza naye. Mwisho nikampandishia sauti mamangu mzazi, Mungu anisamehe. Hakuinuka. Adhuhuri ilimkuta pale pale, macho njiani, na mguu umemvimba.

Unauliza mwanamke anajuaje injini. Ya kwangu naijua, na mafuta nabadilisha mwenyewe. Wewe unaujua nini mguu wa Mama? Umeuona lini? Mpigie leo umwambie hakuna gari linalokuja, au ulilete.

Dadako,
Bahiya

Kipini, 29 Aprili 2025

Kaka Shee,

Ramadhani imepita, Idi imepita, mvua zimeanza. Ujumbe wangu uliusoma, alama nimeiona. Kama u mzima, alhamdulillahi.

Kidole kidogo cha Mama kimekuwa cheusi na kinanuka. Kila nikimwambia twende, jibu lake ni lile lile. Basi jana nilimdanganya. Nilimwambia pikapu ni yako, kwamba wewe ndiwe uliyeichagua na kunituma, ila uliona haya kusema kwa kuwa si mpya. Uso wake ukafunguka. Alipanda mwenyewe, hata mkono wangu akaukataa. Njia nzima, Witu, Gamba, Minjila, alikuwa anakuombea dua. Gari halitikisiki, anasema. Shee anajua kuchagua. Mimi nimeshika usukani, nimeuma meno.

Amelazwa Malindi. Nimekuandikia ujue kwamba jina lako limetumika, usije ukasema jambo likamfanya ashuke kitandani. Akipona nitamweleza mwenyewe.

Dadako,
Bahiya

Mombasa, 2 Mei 2025

Dada Bahiya,

Pole na kuuguza. Mungu amshushie Mama afya.

Amenipigia akilia kwa furaha na kunishukuru. Nimemjibu kwamba ni wajibu wangu. Umefanya busara, heshima ya nyumba yetu imebaki. Sasa kwa kuwa watu wameshajua ni yangu, itafutie rangi mpya, na kile kiti kishonwe. Mama anaona jina langu liandikwe nyuma. Si wazo baya.

Kakako,
Shee

Kipini, 10 Mei 2025

Shee,

Leo sikuamkii.

Kidole kimekatwa, na cha pili yake. Daktari alisema tungechelewa kidogo tu, ungekatwa mguu. Ulipokuwa unapokea shukrani kwenye simu, mimi nilikuwa nimemshikia beseni.

Juzi tulikuwa tunarudi nyumbani. Tulipovuka daraja la Tana akaanza tena kwamba mwanawe hakumsahau. Nikaweka gari kando ya lami, nikazima. Nikamwambia, "Mama, gari ni langu. Shee hajalitia hata upepo wa tairi. Nilikudanganya ili upande."

Malori ya Lamu yakapita, gari letu likayumba kwa upepo wake. Kisha Mama akasema, "Sasa majirani tutawaambiaje?"

Hakuuliza nimelipataje. Hakuniambia ahsante. Alifikiria majirani. Niliwasha gari nikalia mpaka Witu, naye ananitazama tu. Hasira niliyo nayo sijui niipeleke wapi, kwa maana nusu yake ni ya mtu ambaye kila asubuhi namwosha kidonda, na siwezi kumtupia.

Nusu yako ichukue. Majirani mimi siwaambii. Njoo uwaambie kwa mdomo wako, barazani, mbele yake. Rangi haipakwi, na jina haliandikwi.

Bahiya

Mombasa, 8 Juni 2025

Dada Bahiya,

Assalaam aleikum. Natumai kidonda kinakauka.

Mama alinipigia. Nilidhani atanitukana, lakini aliuliza tu lile gari la kijivu liko wapi. Nikasema bandarini. Akasema, "Bandari gani hiyo, Shee, mwaka wa tatu haitoi gari?" Akakata. Tangu siku hiyo hapokei simu zangu.

Nimekukasirikia kwa kumwambia, na sifichi. Ungeniachia mimi. Lakini nakuja. Nitapanda basi Ijumaa, nishuke Minjila jioni. Njoo unichukue.

Kakako,
Shee

Kipini, 9 Juni 2025

Kaka,

Waaleikum salaam. Mama anaendelea vizuri, ameanza kutembea kwa mkongojo. Nimemsomea ujumbe wako. Alimwita Bi Hawa waje waufagie uwanja.

Ijumaa jioni sitakuja Minjila, nina daftari za wanafunzi za kusahihisha. Lala kwa yeyote unayemjua Garsen. Jumamosi asubuhi nampeleka Mama kliniki Malindi, tutapita hapo Minjila, kisha jioni turudi naye Kipini. Simama kando ya njia mahali ninapoweza kukuona. Sitangoja.

Mbele ni mimi na Mama, na mguu wake lazima ukae umenyooka. Wewe utapanda nyuma.

Dadako,
Bahiya