Mgeni wa Kipindi cha Saa Saba

3 Machi

Shikamoo Baba,

Kifua kinaendeleaje? Mama hajambo, anasema uache kuchomelea vyuma bila kitambaa puani.

Uliniuliza kama nalipenda darasa la mtandaoni. Simu uliyoninunulia ni nzima, bando lipo. Tatizo ni moyo. Kwenye orodha ya darasa kuna mtu aliyejiandika "Mgeni". Hana picha, hasemi, wala hakosi siku. Mwalimu aliponiita nisome hadithi, nikamwona pale, nikazima simu kabla ya neno la kwanza. Nimekosa vipindi vitatu. Nikifikisha vitano wananifuta, na ualimu wa chekechea ndio basi tena. Usinikasirikie.

Kitindamimba wako

11 Machi

Marahaba mwanangu,

Kifua ni moshi tu, kitapoa. Mwambie mama yako kitambaa ninacho, kipo mfukoni.

Sijakasirika. Mgeni kuku mweupe, kila mtu humkodolea macho. Huenda ni mtu aliyetamani shule akaishia darasa la nne. Lakini kama ndiye anayekuziba mdomo, mwambie mwalimu amtoe. Usione haya. Darasa ni lako.

Baba yako

22 Machi

Shikamoo Baba,

Ametolewa! Nilimwandikia mwalimu, kusema sikuthubutu. Jana nimesoma ukurasa mzima, hata sauti ya fisi nikaigiza. Mwalimu akasema, "Kumbe binti una koo!" Laiti ungenisikia.

Kitindamimba

9 Aprili

Shikamoo Baba,

Mbona kimya? Mama halali. Andika hata mstari mmoja.

Mwanao

30 Aprili

Shikamoo Baba,

Leo sikuulizi kifua. Ni siku ya tano tangu tukuzike.

Mwenzako wa karakana ameleta begi lako na simu yako. Kitambaa bado kimekunjwa kama kilivyotoka dukani. Anasema kila mchana ulikaa nyuma ya mapipa ya rangi, simu sikioni, ukiwanyamazisha wenzako: "Shhh, binti yangu yuko darasani."

Kumbe chuo humpa mzazi njia ya kuingia kama mgeni. Mwalimu naye hakujua ni mzazi wa nani.

Kwenye daftari lako umenakili masomo yetu kwa penseli. Halafu: "Hayupo. Hayupo. Hayupo." Mstari wa mwisho: "Leo nimetolewa. Sasa atasoma."

Nimemwomba mwalimu amrudishe Mgeni. Leo nimeiwasha simu yako, nikaiingiza darasani, nikaiweka mezani mbele yangu, nikasoma ile ya fisi tangu mwanzo, mpaka mama akaja kusimama mlangoni.

Kipindi kikaisha. Wenzangu wakatoka mmoja mmoja, mwalimu akafuata. Kwenye orodha tukabaki wawili.

Sikujua nani atangulie kutoka.

Mwanao