Tope la Huku Si la Majarubani

Machimboni, upande wa Bulyanhulu

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Najua umeshaitikia marahaba kabla kaka Masanja hajafika mwisho wa mstari. Goti linaendeleaje na maji ya majarubani? Mpunga mmeshapandikiza, au bado mnaingoja mvua? Sisi huku tunapumua. Baba Kabula anashuka duarani, kwenye shimo la dhahabu, akipanda juu amejaa vumbi mpaka mwanawe anamkimbia. Mimi bado nawauzia uji wachimbaji.

Mama, naandika kwa sababu simu ilikatika ukiwa umenyamaza, na kunyamaza kwako nakujua. Kaka alikuambia nimekataa dawa yako ya tope. Naomba asome taratibu, usikie kwangu mwenyewe.

Kabula, somo wako, alikuwa anacheza kwenye magogo wanayoshusha duarani kushikilia kuta. Akalia. Mdudu sikumwona, niliona tu mkono umevimba karibu na kiwiko. Nikakukumbuka wewe, ulivyokuwa ukitupaka tope baridi la jaruba tukiumwa na nyigu. Nikambeba mpaka mwaloni, pale wanapooshea mchanga wa dhahabu, nikachota tope. Lilikuwa baridi kama la kwetu.

Jirani yangu Mama Shukuru, Muha wa Kigoma, huwa anaosha mchanga pale. Akanidaka mkono.

"Wewe Msukuma, unalipeleka wapi hilo?"

"Nampaka mtoto, kaumwa na mdudu."

"Limejaa zebaki. Unamtibu, au unatafuta dhahabu mwilini mwake?"

Wenzake wakacheka. Mimi nililimwaga palepale. Zebaki, mama, ni ile dawa inayokamata dhahabu, na kwa mtu ni sumu.

Akaniambia nimwoshe kwa maji na sabuni, nimwekee kitambaa cha maji baridi, nimkate kucha asijikune. Kisha akaniazima kalamu. "Zungushia pale uvimbe unapoishia. Ukibaki ndani, tulia. Ukivuka, usimwulize mtu, nenda zahanati." Alifundishwa hivyo kliniki, Shukuru wake alipoumwa.

Nikamchora. Kabula akadhani ni bangili, akawa anawaonyesha watu. Siku ile alikula, akacheza. Asubuhi uvimbe ulikuwa umevuka mstari, ngozi inachoma, mwili mzima una homa. Uji akaukataa. Akawa ananilalia tu begani, kimya, na wewe unajua yule hanyamazi.

Watu wakasema ngoja baba yake apande. Huku mwanamke hasogelei mdomo wa duara, eti dhahabu inakimbia. Nikasimama mbali, nikamwomba anayevuta kamba amwite.

"Shemeji, wako chini sana, mpaka jioni," akasema. "Kidudu tu hicho, kinakutoa roho?"

Mama, hapo nilimkumbuka mdogo wangu Maduhu, tuliyemzika tukiwa bado tunangoja ng'ombe auzwe ndipo apelekwe hospitali. Nikapanda bodaboda na mwanangu.

Zahanati nesi aliuliza kwanza, "Umempaka nini?" Nikasema maji na sabuni. Akauliza tena kama haamini. Alisema vijidudu vya ugonjwa vimeingia kwenye ngozi na vilikuwa vinapanda. Akamchoma sindano, akatupa dawa ya kunywa. "Umemleta wakati wake," akasema. Ila akanionya: siku nyingine nikiona midomo inavimba au pumzi inabana, nisichore mstari wowote, nikimbie.

Baba Kabula alipopanda nilijua atagomba kwamba nimeondoka bila neno lake. Hakugomba. Alikaa anampepea mtoto kwa kofia yake mpaka akalala. Sasa uvimbe umeshuka, anakula, mkono anaukunja. Dawa nampa mpaka iishe kama nilivyoagizwa.

Jina la Maduhu sikuliandika kukulaumu. Zamani zile zahanati ilikuwa mbali, na njia ilikuwa miguu yako tu. Na dawa yako sikuikataa, mama. Tope lako ndilo lililotulea. Ni udongo wa huku ambao siuamini. Mungu akijalia tukaja wakati wa mavuno, nataka umpake Kabula tope la jaruba mpaka puani, hata kama hajaumwa na kitu.

Nisalimie baba, asiache kumeza dawa yake ya presha. Nisalimie bibi mzaa baba, na shangazi Minza anayepikia madereva wa malori pale Isaka. Kaka Masanja, asante kwa kusoma. Kama uliruka mahali, rudi umsomee.

Ni mimi mwanao mpaka kesho,
Nkwimba, Mama Kabula

Huo mstari uliopinda hapa chini ni wa Kabula. Alipoona kalamu alininyooshea mkono nimchore tena. Nikampa kalamu achore yeye.