Risala ya Shukrani kwa Bomba Kavu

Mshauri mpendwa, pokea salamu zangu kutoka kijiji kimoja si mbali na Nangurukuru, kisha unisaidie, maana jambo lenyewe ni la mwezi ujao. Mimi ni mwalimu mstaafu na mlipaji kodi. Stakabadhi zangu za kodi ya maendeleo ninazo zote, zimepangwa mwaka kwa mwaka, na ni vyema iwe hivyo, kwa kuwa huduma pekee inayotufikia kwa wakati ni mgambo wanaokuja kuzikagua. Juu ya kodi hiyo tuliunda kamati ya maji, tukachangia mradi, tukachimba mtaro kwa mikono yetu, akaja mkandarasi binafsi, kwani katika zama hizi za soko huria twaambiwa cha binafsi ndicho chenye ufanisi, akajenga tangi, akaweka bomba, akalipaka rangi ya buluu, akaondoka bila kufunga pampu, na pampu hiyo, kwa mujibu wa karatasi, imefungwa na inafanya kazi.

Sasa mgeni rasmi anakuja kufungua mradi, nami nimeteuliwa kusoma risala, kwa kuwa nina sauti na mwandiko. Niliandika kwamba pampu haipo. Afisa mtendaji wetu, Bwana Klementi, aliirudisha risala ikiwa na mstari mwekundu juu ya aya hiyo.

"Mwalimu, risala ni ya kushukuru. Malalamiko yana ofisi yake."

"Na maji siku hiyo yatatoka wapi?"

"Bombani! Wasiwasi wako nini? Akina mama watajaza tangi kwa ndoo siku moja kabla."

Nilipomweleza mke wangu Lusia, alitua ndoo yake akanitazama. "Yaani, baba Valerian, niyachote kisimani, niyapandishe ngazi, mgeni ayateremshe, halafu nipige vigelegele kwa kuyaona tena?"

Kinachonitisha ni kwamba siku hiyohiyo mgeni atatia saini hati ya kupokea mradi, na baada ya hapo mkandarasi hadaiwi kitu; nikisema kweli nitakiaibisha kijiji, na Bwana Klementi amekwisha kuninong'oneza kwamba pensheni yangu hupita mikononi mwa watu anaowafahamu; nikinyamaza, maji yetu yamekwenda na saini. Tena nikiri: mwaka juzi nilisoma risala ya zahanati, nikashukuru kwa dawa ambazo hadi leo hazijafika, nikapigiwa makofi, na makofi yale yalinipendeza. Nifanyeje?

Msoma Risala, Kilwa

MSHAURI ANAJIBU

Mwalimu, pole, ingawa pole yangu si ndefu. Unalalamika kwamba kodi yako imeliwa. Mbona husemi kwamba mlaji alipomaliza, wewe ndiwe uliyemsomea dua ya shukrani? Kodi ulidaiwa na mgambo. Sifa hukudaiwa na mtu; ulizitoa kwa hiari, kwa mwandiko mzuri. Dawa hazikukosekana kwa sababu yako, lakini baada ya risala yako nani angeuliza ziko wapi, ilhali kijiji kilikwisha kushukuru kuzipokea?

Habari ya aibu usinisumbue nayo. Aibu ina mwenyewe, na huyo ni aliyeandika kwamba pampu imefungwa. Kuhusu pensheni, mwombe Bwana Klementi alirudie neno lake mbele ya kamati ya maji, uone atakavyolisahau.

Sasa sikiliza. Wiki hii, si wiki ijayo, mwombeni mwenyekiti wa kijiji aitishe mkutano, na muhtasari useme wazi kwamba hakuna ndoo hata moja itakayopandishwa tangini. Aya iliyofutwa irudi mahali pake. Risala yoyote ina sehemu ya maombi. Yenu yawe mawili, kwa adabu zote: pampu ifungwe, na hati isitiwe saini kabla pampu haijafungwa. Wajumbe wote wa kamati waweke sahihi, nawe umkabidhi mgeni risala hiyo mkononi mwake, si kwa kupitia mtu.

Na ikiwa Bwana Klementi atakupokonya karatasi hiyo jukwaani, usigombane naye. Mkaribishe mgeni afungue bomba. Kisha nyamazeni, kijiji kizima, kwa muda wowote atakaouhitaji kuelewa.